Ulimi na Mguu

Msomaji wa kurasa hizi amezoea kunikuta nikizozana na vina na mizani, au nikilitetea neno fulani la kale lililotupwa na waandishi wa leo. Safari hii namwomba anivumilie, kwani nakusudia kuzungumza juu ya mpira wa kikapu, mbio za mita 1,500, mashimo ya dhahabu ya Geita na elimu iitwayo isimu. Mambo haya yako mbalimbali kama Chake Chake ilivyo mbali na Shinyanga, lakini katika maisha yangu yamefungwa kwa uzi mmoja, na uzi wenyewe ni barua ya nusu ukurasa niliyoisoma vibaya mwaka 1990.

Kwanza nijieleze. Baba yangu alikuwa Mpemba aliyekwenda bara ujanani kufanya kazi katika kinu cha pamba mjini Shinyanga, akamwoa mama yangu, Msukuma, na huko ndiko nilikozaliwa. Nilisoma mpaka darasa la saba. Yaliyobaki nimejifundisha mwenyewe, kwa redio, kwa kamusi za kuazima na kwa kuwasumbua waliosoma kunizidi. Nilivuka bahari kuja Unguja mwaka 1993, nikiwa na umri wa miaka ishirini na mitano, na humu visiwani ndimo nilimojulikana kuwa mshairi na mfasiri. Wanaonijua hudhani nilikuja kuifuata lugha ya baba. Ni kweli, lakini si kweli yote. Nusu nyingine ya ukweli ni kwamba nilikuwa nikimkimbia mtu.

Mwanzoni mwa Oktoba 2024 nilikuwa Shinyanga kwa arubaini ya mama. Asubuhi moja nilikaa katika mgahawa karibu na stesheni ya reli, nikinywa chai na wazee walionijua utotoni, redio ikatangaza kwamba Dikembe Mutombo wa Kongo alikuwa amefariki tarehe 30 Septemba kwa saratani ya ubongo, akiwa na umri wa miaka 58. Mzee mmoja akauliza ni nani huyo. Kijana aliyekuwa akichoma chapati akajibu, "Yule mrefu wa kidole, babu," kisha akakitikisa kidole chake cha shahada kushoto na kulia, kama mama anayemkanya mtoto. Wote wakacheka. Mimi nilitikisika moyoni, kwa sababu marehemu alizaliwa mwaka 1966, mwaka mmoja na mtu niliyekuwa nikimkimbia.

Naomba nimweleze Mutombo kidogo, kwa ajili ya wale ambao mpira wa kikapu hauwahusu. Alizaliwa Kinshasa katika ukoo wa Waluba wa Kasai, nchi ya almasi, kama Shinyanga yetu ilivyo nchi ya almasi kwa sababu ya Mwadui. Alikwenda Marekani mwaka 1987 kwa msaada wa masomo, akaingia Chuo Kikuu cha Georgetown mjini Washington, na nia yake ilikuwa kuwa daktari. Kiingereza hakukijua. Mwaka wake wa kwanza aliutumia kujifunza lugha hiyo, na ndipo kocha John Thompson alipomtia katika timu ya chuo, kwani kijana mwenye urefu wa mita 2.18 hawezi kujificha. Udaktari haukuwezekana pamoja na mazoezi na safari za michezo, akageukia masomo mengine, na mwaka 1991 alihitimu shahada katika isimu na diplomasia.

Baada ya hapo ulimwengu ulimjua kwa mikono yake. Alicheza misimu kumi na minane katika ligi kuu ya Marekani. Mara nne alichaguliwa kuwa mlinzi bora wa mwaka, na alizuia mitupo 3,289, idadi ambayo katika kumbukumbu za ligi hiyo inazidiwa na ya Hakeem Olajuwon wa Nigeria peke yake. Mama yake alifariki Kinshasa mwaka 1997, wakati wa machafuko, bila kuweza kufikishwa hospitali. Mwana akajenga hospitali ya vitanda mia tatu na kuipa jina la mama huyo, Biamba Marie Mutombo, nayo ikafunguliwa mwaka 2007. Watu hulisimulia hilo, na wanastahili kulisimulia. Lakini kwamba mtu huyu alikaa darasani akijifunza namna sauti za binadamu zinavyojipanga, na kwamba alizungumza lugha nne za Ulaya pamoja na Kiluba, Kilingala na nyingine za Afrika ya Kati, hilo hutajwa kwa pumzi moja na kusahauliwa, kana kwamba ni kituko cha kuchekesha: jitu refu namna ile, na isimu!

Kituko kiko wapi? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani tunaamini kwamba Mungu humgawia mtu ama mguu ama ulimi, na anayepewa vyote viwili amechukua fungu la mwenziwe. Hata hapa kwetu tunasahau upesi. Suleiman Nyambui, aliyepata medali ya fedha katika mita 5,000 huko Moscow mwaka 1980, alikuwa mwalimu kabla ya kwenda kusoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso. Medali yake na ile ya Filbert Bayi ya mwaka huohuo ndizo mbili pekee ambazo Tanzania imewahi kuzipata katika Olimpiki. Mkenya Mike Boit, aliyepata medali ya shaba katika mita 800 mjini Munich mwaka 1972, alirudi kwao akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kwa vijana wengi wa Afrika ya Mashariki wa miaka ile, mguu ulikuwa nauli, na safari yenyewe ilikuwa ya kichwa.

Huyo rafiki yangu naye aliupata mguu. Sitamtaja jina, kwa kuwa hakuniomba kumtaja. Alinizidi miaka miwili nami nikamwita kaka, na mpaka leo namwita hivyo. Alikimbia mita 1,500 katika mashindano ya shule za sekondari, na wenye kumbukumbu katika Kanda ya Ziwa watakumbuka kijana mwembamba aliyekuwa akikimbia akiwa ametazama chini, kama anayetafuta sarafu aliyoiangusha. Lakini mimi nilimpendea ulimi wake. Alizaliwa mpakani mwa Wasukuma na Wasumbwa, bibi yake alikuwa Mzinza, na shuleni alikaa bweni moja na Waha. Lugha hizo zote alizizungumza, wala hakuzichanganya. Alikuwa akinikalisha kwenye nyasi za uwanja baada ya mazoezi, jasho halijamkauka, akanifundisha kuisikia lugha ya mama yangu mwenyewe.

Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba Kisukuma kina vokali saba, na Kiswahili chetu tano. Yeye ndiye aliyeniambia niweke kiganja mbele ya midomo nikitamka *mbuli*, yaani mbuzi, kisha nikitamka *mhuli*, yaani tembo, nikahisi pumzi ikipita puani katika neno la pili na kutokuwepo katika la kwanza. "Tofauti ya mbuzi na tembo," akasema, "ni pumzi." Na yeye ndiye aliyenieleza jambo ambalo baadaye nililikuta vitabuni. Katika Kisukuma, toni ya juu haitui ilikozaliwa. Shina la neno huizaa, nayo huruka ikasikika silabi mbili mbele, kwa jirani asiyehusika. Mtaalamu wa London, Irvine Richardson, aliandika kitabu kizima juu ya toni za Kisukuma mwaka 1959, na Mtanzania mwenzetu Herman Batibo akaandika kingine juu ya lugha hiyohiyo, kwa Kifaransa, kilichotoka mwaka 1985. Rafiki yangu hakuwa amesoma hata kimoja. Aliisikia mwenyewe, kwa sikio, kama alivyozisikia hatua za mkimbiaji aliye nyuma yake.

Nilipojua habari za Mutombo nilijiuliza kama naye alipata mshangao wa namna hiyo darasani, kwa sababu Kiluba cha Kasai kina ajabu yake mbele ya wanaisimu: pale lugha ndugu zinapoweka toni ya juu, chenyewe mara nyingi huweka ya chini, na ya chini ikawa ya juu, kama kanzu iliyovaliwa ndani nje. Haiwezekani mtu akue na lugha kama hiyo, aambiwe siri yake akiwa na miaka ishirini na kitu, asisimame kidogo akaitazama dunia upya.

Padri mmoja Mmarekani, aliyekuwa akikusanya maneno ya Kisukuma kwa ajili ya mapadri wageni, alimtumia rafiki yangu kuwa mwalimu wake, akakiona kipaji. Rafiki yangu alipokwisha kumaliza kidato cha sita na mwaka wake wa Jeshi la Kujenga Taifa, padri alimwandikia chuo kimoja cha kwao. Alieleza muda anaokimbia mita 1,500, na kwamba kijana anataka kusomea lugha, si hii wala ile, bali lugha yenyewe ilivyo. Chuo kikajibu kwamba nafasi huenda ikawepo, tatizo ni karo. Wakaandika tena kuomba msaada wa karo. Wakati huo padri alikuwa amehamishwa, na rafiki yangu hakuwa na sanduku la posta. Barua zake zikawa zinapitia sanduku la baba yangu.

Akaondoka kwenda Geita kutafuta nauli ya ndege. Ulikuwa mwaka 1990. Mgodi wa zamani wa Geita, ulioanza wakati wa ukoloni, ulifungwa mwaka 1966, na ule mkubwa wa kampuni tunaoujua leo ulikuwa haujaanza. Ulianza kuzalisha mwaka 2000. Katikati ya miaka hiyo ardhi ile ilikuwa ya wachimbaji wadogo, wenye nyundo, tindo, kamba na ndoo. "Miezi mitatu tu, mdogo wangu," aliniambia. "Barua ikija uifungue, uisome, uniletee habari. Usiingoje mikono yangu."

Nikakubali kwa fahari. Nilikuwa kijana wa darasa la saba niliyejifundisha Kiingereza kwa kusikiliza redio usiku, na kijikamusi kidogo kilichonyofoka jalada. Aliyemaliza kidato cha sita kuniachia mimi barua yake ya Kiingereza lilikuwa jambo la kunivimbisha kichwa. Barua ikaja mwezi wa Mei. Ilikuwa fupi na kavu, ya ofisi ya fedha, mistari mitano. Ilisema kwamba kuhusu ombi lake la tarehe fulani, karo yake imefanywa jambo fulani, na kwamba athibitishe kwa barua kabla ya tarehe mosi Julai.

Jambo fulani lenyewe ndilo lililotuua. Neno lile sikulipata katika kijikamusi changu. Lakini nililitamka kwa sauti, na masikio yangu yaliyolelewa na redio yakaniambia kwamba nalijua: ni lile la kupunga mkono, wanalofanya watu bandarini meli ikiondoka. Katika Kiingereza maneno hayo mawili hutamkwa sawasawa, na herufi moja tu ndiyo inayoyatenga machoni. Nikaunganisha. Ombi limepungiwa mkono, wamemuaga. Na kuthibitisha je? Nikasema ni adabu ya Wazungu, wanataka kujua kwamba barua imefika. Nikamtuma dereva wa lori la pamba aliyekuwa akipita Geita na maneno haya: "Mwambie kaka, wamemuaga."

Sikumwuliza mtu. Katekista alikuwa nyumba ya nne kutoka kwetu. Mwalimu wa shule alikuwa akipita mlangoni kila asubuhi. Ningeliuliza ningelionekana sijui, nami nilikuwa nimekwisha kujulikana mtaani kuwa najua.

Miezi minane baadaye, yule katekista aliniazima kamusi kubwa nifasiri utenzi mmoja wa Kiingereza. Nikifunua kutafuta neno jingine, jicho likaangukia lile. Maana yake ni kusamehe: si kosa, bali deni, ushuru, haki unayoidai ukaamua kutoidai. Karo ya rafiki yangu ilikuwa imesamehewa yote. Kilichotakiwa ni barua moja ya kukubali, na stempu.

Naomba msomaji asitafute sababu ya kunitetea, kwa maana mimi nimeitafuta miaka thelathini na minne. Kosa la kwanza ni la ujinga, na ujinga una dawa. La pili halina. Rafiki yangu alikuja Shinyanga Krismasi ile, amekonda, macho mekundu kwa vumbi, akaniuliza kama barua ile ipo aione kwa macho yake. Nikamwambia imepotea. Ilikuwa ndani ya kasha la mama, chini ya kanga. Akasema, "Basi, wabeja," neno ambalo kwa Kisukuma ni asante, akarudi Geita. Miaka miwili baadaye mimi nikaja Unguja.

Tangu siku hiyo nimekuwa mfasiri wa aina ambayo wachapishaji hawaipendi. Nafunua kamusi hata kwa maneno ninayoyajua. Nina nakala chakavu ya *Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha* iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, mwaka uleule, na kutoka humo nimejifunza kuyaita mambo kwa majina yake. Maneno mawili yenye sauti moja na maana mbili yana jina katika elimu ile. Nimelikariri kama mtu anayekariri namba ya mfungwa wake. Niliwahi kutunga ubeti mmoja juu ya jambo hili, nikauficha pia:

*Neno moja la barua, nililishika pabaya,*
*Nikadhani nalijua, na moyo usiogwaya,*
*Rafiki nikamvua, nguo ya njema hidaya,*
*Ulimi ukipotea, mguu haurejei.*

Basi siku tatu baada ya kusikia habari za Mutombo, dada zangu walilifungua kasha la mama kugawana kanga zake. Barua ilikuwa pale pale. Mama hakujua kusoma Kiingereza, lakini alijua kwamba karatasi iliyofichwa haitupwi. Nikaitia mfukoni, na kesho yake alfajiri nikapanda basi la Kahama.

Kutoka Shinyanga mpaka Kahama, kisha Kakola penye lango la mgodi wa Bulyanhulu, kisha Geita, ni nchi ya vilima vya mawe na mashamba ya mpunga, na kila unaposogea kaskazini udongo unazidi kuwa mwekundu. Njiani unaona malori ya makampuni makubwa yakipishana na pikipiki zilizobeba mifuko ya mawe. Yeye yuko Nyarugusu, machimbo ya zamani katika wilaya ya Geita. Nilimkuta jioni ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba, daftari magotini, akikohoa kikohozi kile kirefu cha watu waliokula vumbi la mawe ujana wao wote. Hakuinuka, ila alinyoosha mkono. "Mwadila, mdogo wangu," akasema, kana kwamba tuliachana jana. "Pole ya mama."

Tulikula. Tukazungumza habari za wafu na walio hai. Kisha akanionyesha daftari. Ni la saba, yale mengine yamo katika mfuko wa sandarusi juu ya kabati. Ndani yake ameandika, kwa mwandiko ule ule wa shule, maneno ya machimboni, neno, lilikotoka, nani alilisema, mwaka gani. Duara, yaani shimo la kuchimbia, hata kama lina pembe nne. *Matimba*, magogo ya kuzuia kuta zisianguke, neno la Kiingereza lililovishwa kiambishi cha ngeli, likazaa na umoja wake, *timba*, bila kumwomba Mwingereza ruhusa. *Karasha*, mashine ya kusagia mawe. *Rashi*, habari ya dhahabu mpya inapozuka na watu wakahama usiku na vyungu vyao. *Mwalo*, ambao kwa wavuvi wa ziwani ni mahali mitumbwi inapopakua samaki, na kwa wachimbaji ni mahali mchanga unapooshwa; ameandika pembeni kwamba maji ndiyo yaliyolivusha neno hilo kutoka ziwani kwenda mlimani. Na *marudio*, mchanga uliokwisha kuoshwa na kutoa dhahabu yake, ukawekwa kando, kisha miaka ikipita mtu akaja na dawa nyingine akauosha tena, akakuta dhahabu ambayo wa kwanza hawakuiona.

Nilimwuliza anayaandika kwa ajili ya nani. "Kwa ajili ya maneno," akajibu. "Hapa anakuja Mkurya, anakuja Mha, Mnyamwezi, Mkongo mmoja mmoja. Wakikaa mwaka wanasema lugha moja ambayo hakuna aliyekuja nayo. Mimi nakaa mlangoni naandika wanaoingia."

Hapo ndipo nilipoitoa barua. Sikuwa nimepanga maneno, na yale niliyoyapanga ndani ya basi yalinikimbia. Nilimwambia yote kama nilivyomweleza msomaji: kijikamusi, neno, dereva wa lori, kamusi ya katekista, na lile jibu la Krismasi, kwamba imepotea. Taa ya sola ilikuwa hafifu na sikumwona uso vizuri. Alinyamaza muda mrefu. Ndani ya nyumba binti yake mdogo, anayeichezea shule yake netiboli na ambaye mwaka ujao angemaliza kidato cha sita, alikuwa akiosha vyombo, na sauti ya vyombo ikawa imetulia.

"Nisomee," akasema.

"Kwa Kiingereza?"

"Kiingereza najua. Nisomee kwa Kiswahili. Safari hii unipe tafsiri iliyo sawa."

Nikasoma. Nimefasiri vitabu katika maisha yangu, lakini mistari mitano ile ilinichukua muda mrefu kuliko ukurasa wowote. Nilipofika kwenye neno nikatamka, "Karo yako imesamehewa yote." Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza tarehe ya mwisho ya kujibu ilikuwa lini, nikamwambia tarehe mosi Julai. Akahesabu kwa vidole. "Julai ile duara la jirani lilititia," akasema. "Tulichimba siku mbili, tukawatoa watu wawili wazima. Kama ningekuwa Marekani nisingekuwepo." Kisha, kabla sijajishika na maneno hayo kama mtu anayeshika kamba, akaongeza, "Usiyachukue hayo yakawa dawa yako. Wengine wangewatoa. Mimi nilitaka kwenda."

Nikamweleza habari ya Mutombo, sijui kwa nini. Labda nilitaka kumwambia kwamba jambo alilolitaka lilikuwapo duniani, kwamba mtu wa rika lake, wa lugha yenye toni kama yake, alilipata miaka ile ile. Alisikiliza kwa makini. Hakuuliza juu ya fedha wala juu ya kidole. Aliniuliza kama ni kweli Kiluba hugeuza toni, na hugeuza zote au baadhi. Nikamwambia nijuavyo mimi. Akaandika katika daftari, akapigia mstari, akasema atamtafuta Mkongo wa Kasai machimboni asikie mwenyewe.

Usiku ule nililala kwenye mkeka sebuleni. Alfajiri alinisindikiza mpaka penye pikipiki, anatembea polepole, anasimama kila baada ya hatua chache kuvuta pumzi, mtu ambaye zamani nilimwona akiwaacha wenzake nusu ya uwanja. Barua alibaki nayo. Binti alitusindikiza akiwa amembebea baba yake kigoda ili apumzike njiani. Ana fomu za maombi ya chuo, na miongoni mwa masomo aliyoyaandika ni isimu. Nikamwambia akihitaji mtu wa kumsomea barua zitakapokuja, aniletee. Baba yake alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Atazisoma mwenyewe," akasema. "Asante kwa kusema, mdogo wangu. Nenda salama."

Hakusema kwamba amenisamehe, nami sikumwomba aseme. Neno hilo nililinyamazia miaka thelathini na minne, na si haki yangu kumharakisha mtu mwingine alitamke. Nimerudi Unguja, na kazi niliyo nayo sasa ni kuyapiga chapa madaftari yake saba, ambayo binti hunitumia kwa simu, ukurasa mmoja mmoja, kwa picha. Nimefika la pili. Kila nikikuta neno ninalolijua, nalitazama upya, kisha naandika kumwuliza.